Mwalimu wa Taipu na Mashine Zake Mbili

Alikuwa akibisha hodi kwenye mlango wa darasa lake mwenyewe. Ufunguo anao, chumba amekipanga yeye, ndani hamna mtu. Lakini atabisha kwanza, atasikiliza kidogo, ndipo afungue. Siku moja nilimuuliza anambishia nani.

"Vile ni vyombo vya watu," akasema. "Huwezi kuviingilia tu kama unaingia jikoni kwako."

Vyombo vyenyewe vilikuwa kompyuta mbili, nzito kama masanduku ya chuma, kila moja imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake, kama vile vinavyotandikwa juu ya makochi sebuleni. Ilikuwa miaka ya tisini. Katika Magomeni yote ya Kilosa hapakuwa na kompyuta nyingine, na nadhani hapakuwa hata na mtu aliyeitamani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo nyumbani hatukuyazungumzia, na mama alikuwa amechoka kuniona binti yake nimekaa barazani. Akanipeleka kwa Mwalimu wa Taipu nikajifunze kupiga chapa, angalau nipate ukarani.

Mwalimu wa Taipu ndilo jina tulilomjua nalo mwanamke yule. Taipureta zake ziliharibika moja baada ya nyingine, tukahamia kwenye kompyuta, jina likabaki lile lile. Mtu mmoja aliwahi kumwita Mwalimu wa Kompyuta, akamkatalia hapo hapo. "Taipu nimeisomea," alisema. "Hii nyingine tunabahatisha pamoja."

Kompyuta zililetwa na kanisa lake, zawadi ya marafiki wa Ulaya. Habari hiyo peke yake ilizua maneno, maana kwetu sisi Ulaya ni kata ya wakulima, iko njia ya kwenda Mikumi, unaenda kwa baiskeli siku ya gulio unarudi na mahindi. Watu walishangaa wenyeji wa Ulaya wamezipata wapi kompyuta, na kwa nini wanazigawa. Jirani yetu mmoja alikasirika kabisa. "Mashine ya kusaga inawashinda," alisema, "wanatugawia sisi kompyuta!" Hata alipoeleweshwa kwamba ni Ulaya ile ya mbali, alibaki amewanunia wale wa karibu.

Kamati ya kanisa ilipofungua maboksi ikaona vitufe vyenye herufi, ikakubaliana bila mjadala kwamba mambo ya vitufe ni ya Mwalimu wa Taipu. Mle ndani mlikuwa pia na kitabu cha Kiingereza cha kufundisha kuandika programu, kimechanika mwanzo. Labda panya, labda safari. Mwalimu alikaa nacho muda mrefu, kamusi pembeni, kisha akatuita.

"Kompyuta ni nini hasa?" Mzee Maulidi aliuliza siku ya kwanza.

"Hayo yalikuwa kwenye kurasa zilizochanika," Mwalimu akamjibu. "Sisi tunaanzia pale wenzetu walipoanza kazi."

Mzee Maulidi alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa ishara za treni, aliyekuja darasani kwa sababu mchana ulikuwa unamshinda urefu. Mwingine alikuwa Dickson, fundi baiskeli, kijana wa rika langu, mikono imejaa grisi na kichwa kimejaa mizaha. Wengine walikuja wakaona hakuna picha zinazocheza kwenye kioo, wakaondoka. Tuliodumu tulikuwa sisi watatu.

Masharti yake yalikuwa makali kuliko ya zahanati. Viatu nje. Mikono inaoshwa kwa sabuni ya mche kwenye karai lililokaa mlangoni, na ya Dickson alikuwa anainusa kabla ya kumruhusu kupita. Mwenye mafua haingii. Hili la mafua lilianza pale aliposikia kutoka kwa mtu wa Morogoro kwamba kompyuta zinaambukizwa virusi. Mzee Maulidi alipiga chafya mara moja tu, akahamishiwa dirishani, akawa anafuata somo akiwa nje, kofia yake tu ndiyo tunayoiona. Baadaye Mwalimu alikuja kusoma mahali kwamba virusi vya kompyuta ni vitu vingine kabisa, havihusiani na pua ya mtu. Tulidhani sasa sharti litafutwa.

"Litabaki," alisema. "Mtu akipiga chafya kwenye kioo, nani atakipangusa?"

Kabla ya kuwasha umeme tulisali. Yeye alisali Kikristo, kwa sauti, akiombea waya, soketi na watu wa kituo cha umeme. Mzee Maulidi aliitikia amina, kisha akaongeza bismillahi yake kimya kimya. Siku ambayo Mzee Maulidi hakuja na mashine moja ikakataa kuwaka, Mwalimu alimwambia kesho yake, "Mzee, jana ulitupungukia."

Hapo ndipo ninapomshangaa mpaka leo. Hakuna mtu aliyesisitiza kama yeye kwamba kompyuta haina akili. Alisema haijui chochote, haipendi mtu, haichukii mtu, ukiiambia ikuhesabie makosa yako itayahesabu bila kukuonea huruma. Kisha anageuka, anakaa mbele ya ile mashine ndogo inayochelewa kuwaka, anaipapasa ubavuni. "Haya, mama, amka. Wenzio wamefika." Zote mbili alizipa majina, Mkubwa na Mdogo. Mkubwa alimwona jeuri. Mdogo alimwona ana aibu. Dickson alipomuuliza kitu kisicho na akili kinapataje aibu, alimtuma akaoshe mikono upya.

Neno aliloliogopa sana ni "imegoma". Sisi sote tulilipenda. Ukiandika maagizo yako, ukabonyeza, kioo kikakuletea upuuzi, unasema mashine imegoma, moyo unatulia. Yeye hakukubali.

"Haijagoma," alikuwa anasema, amesimama nyuma yako na rula mkononi. "Imekutii. Wewe ndiye hukujua ulichoagiza."

Lugha ya kuandikia programu ilikuwa na maneno ya Kiingereza, nayo aliyatia Kiswahili bila kuomba ruhusa. Kulikuwa na printi ya kuandika kwenye kioo, inputi ya kupokea jibu la mtu, ifu na goto. Ifu Mzee Maulidi aliielewa siku ile ile. Alisema reli nzima inaendeshwa kwa ifu: njia ikiwa na treni, simamisha; ikiwa tupu, ruhusu. Goto ndiyo iliyotusumbua. Goto inairudisha mashine kwenye mstari wa juu, ianze tena. Dickson alikuwa anasema "kupiga goto" kama anasema kupiga goti, na Mwalimu akamwacha, maana kweli mashine ikifika pale inanyenyekea na kurudi ilikotoka.

Umeme ulikuwa unakatika mara kwa mara, na umeme ukikatika hakuturuhusu kwenda nyumbani. Alichukua chaki akaandika programu ubaoni, mmoja wetu akawa kompyuta. Siku moja kompyuta alikuwa Dickson. Ubaoni Mwalimu aliandika: nenda dukani kwa Mangi, duka likiwa wazi, nunua kiberiti urudi, duka likiwa limefungwa, goto mstari wa kwanza. Akampa hela ya kiberiti, Dickson akatoka anatembea kama mashine, mikono imekakamaa.

Hatukujua kwamba Mangi alikuwa ameenda msibani.

Dickson alifika, akakuta kufuli. Mstari wa kwanza unasema nenda dukani, na yeye yuko dukani tayari. Akafikiri kidogo, akaona njia pekee ya kwenda tena dukani ni kulizunguka duka na kulifikia upya. Akazunguka. Kufuli. Akazunguka tena. Akina mama waliokuwa wanauza nyanya ng'ambo ya barabara waliacha kuuza. Mmoja alimuuliza kama amepoteza kitu, hakujibu, kwa sababu mstari wa kujibu haukuwepo. Wakatuma mtu akamwite mama yake.

Mama Dickson alikuja mbio, kanga moja begani.

"Dickson, mwanangu, umepatwa na nini?"

"Niko kazini, mama," Dickson alisema bila kusimama. "Mimi ni kompyuta."

Mama wa watu akaangua kilio. Sisi darasani tulikisikia kilio hicho, tukatoka na Mwalimu tukakuta umati, Dickson anazunguka, jasho linamtoka, na mzee mmoja anapendekeza aogeshwe dawa. Mwalimu alipasua umati, akasimama mbele ya duka na chaki mkononi, na usoni mwake nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: hajui la kufanya. Programu yake haikuwa na mahali pa kuishia. Mama Dickson ndiye aliyemaliza. Alivua kandambili akampiga nayo mwanawe mgongoni, pigo moja zito, Dickson akasimama akiugulia.

Mwalimu alitugeukia sisi wanafunzi. "Mmeona," alisema. "Hiyo inaitwa kuchomoa plagi."

Kusema kweli, kuchomoa plagi ndiyo njia pekee tuliyoijua ya kuisimamisha programu inayozunguka. Namna ya kuisimamisha kistaarabu ilikuwa kwenye zile kurasa zilizochanika. Jambo hilo nusura lituumbue Mikumi.

Mwalimu alikuwa amesikia kwamba hoteli moja ya huko ina kompyuta mapokezi, akataka tukaone kompyuta inayofanya kazi kweli, kazi ya watu. Tulipata lifti ya pikapu iliyokuwa imebeba vitunguu vya Lumuma, tukapitia Ulaya, ambako Mzee Maulidi alisimama kwenye bodi la nyuma akawapungia watu mkono na kuwashukuru kwa kompyuta. Mikumi tulifika tunanuka vitunguu mpaka kwenye kope. Mwalimu alijifuta vumbi, akavaa viatu vyake vya kanisani alivyovibeba kwenye mfuko, akaingia hotelini na sisi nyuma yake, tumepanga mstari.

Kompyuta ilikuwepo. Juu yake pameota chombo cha maua ya plastiki na funguo za vyumba.

"Inafanya nini?" Mwalimu alimuuliza dada wa mapokezi.

Dada aliitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Inapendeza," alisema.

Mwalimu aliomba kuiwasha. Akaondoa maua, akasali kwa kifupi, akatafuta mle ndani mpaka akaiona lugha tuliyoijua. Aliandika mistari miwili tu: ya kwanza iandike KARIBU MIKUMI, ya pili goto ya kwanza. Akabonyeza. Kioo kikajaa KARIBU MIKUMI toka juu mpaka chini, maneno yanapanda bila kuchoka kama maji yanayochemka. Wageni wawili waliokuwa wanakunywa soda wakasogea. Mpishi akatoka jikoni. Meneja akaitwa, akasimama mdomo wazi, akasema hivyo ndivyo alivyoahidiwa siku aliyouziwa.

"Sasa tunaisimamisha," Mwalimu alisema, akainama kutafuta plagi.

"Nani kasema isimamishwe?" meneja akamzuia. "Mama, iache! Iache kabisa!"

Tulipanda gari la kurudi Kilosa tukiwa tumelishwa wali kuku wa bure, na mashine ya watu bado inakaribisha. Tulipokaribia mjini Mwalimu akasema, kwa huzuni ya kweli, "Ile imeachwa hapo kama moto wa nyika." Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu kingine. Nilikuwa nimeona uso wa yule dada wa mapokezi, jinsi alivyokaa mbele ya mashine yake kwa fahari baada ya mistari miwili tu. Siku hiyo nilijua ninataka kufanya kazi gani, ingawa sikujua inaitwaje.

Sasa niseme habari ya salamu.

Programu ya kwanza ndefu tuliyoandika ilikuwa ya kumwuliza mtu jina lake. Ilikuwemo kitabuni hivyo hivyo. Mzee Maulidi aliketi kuijaribu, kioo kikamwandikia: JINA LAKO NANI? Mzee akasukuma kiti nyuma.

"Hiki kitoto hakina adabu," alisema. "Hakijanisalimia, kinaniuliza jina."

Ukazuka mjadala uliochukua kipindi kizima. Mzee alishikilia kwamba mashine imezaliwa juzi, impe shikamoo kila mtu, hata mtoto mchanga. Dickson akasema mashine zimekuja zimetumika, huenda kuna watu humu zimewazidi umri. Mwalimu akaamua: mashine iulize umri kwanza. Mtu mzima apate shikamoo, kijana apate habari za leo. Na kwa kuwa watoto wa mtaani walikuwa wanachungulia dirishani nasi mara nyingine tuliwapa nafasi ya kubonyeza, Dickson aliongeza kipande chao: mtu mwenye umri mdogo kabisa asalimiwe hujambo mtoto mzuri, na aulizwe mama yuko wapi. Akijibu lolote, mashine iseme, haya, msalimie sana.

Kulikuwa na tatizo moja. Mzee Maulidi, alipoulizwa umri, aliandika kwa maneno badala ya tarakimu, mashine ikamwambia kwa Kiingereza aanze upya, naye akachukua kofia yake akaenda nyumbani. Mwalimu hakutaka mzee aaibishwe tena. Akairekebisha programu ipokee jibu lolote bila ubishi. Jibu lisilosomeka, mashine ilihesabu sifuri, ikaendelea. Kwa Mzee Maulidi tuliweka kikaratasi cha kumkumbusha tarakimu, tukasahau watu wengine wote.

Kisha ikaja habari mbaya. Kamati ya kanisa kule Morogoro ilikuwa imeanza kusema kompyuta mbili kukaa Kilosa zinafunikwa vitambaa ni upotevu, zihamishiwe huko mjini. Mjumbe angekuja kutazama, na atakachosema ndicho kitakachokuwa. Mwalimu hakulalamika. Alipaka chumba chokaa. Alifua vitambaa. Kwa mara ya kwanza alimwona Dickson msafi akamsifia. Lakini nilimkuta ameketi mbele ya Mdogo, mashine imezimwa, mikono yake juu ya vitufe bila kubonyeza, akaniambia, "Binti, hizi zikiondoka, mimi narudi kuwa mama muuza nyanya." Hakucheka.

Mjumbe alikuwa mzee wa suti ya kijivu, mrefu, mpole wa kutisha, asiyekatisha mtu maneno. Tulisimama, tukampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa kila mmoja. Mwalimu akamweleza darasa. Akamkaribisha kwenye Mkubwa aone programu iliyotungwa Kilosa na watu wa Kilosa. Mjumbe alivua viatu. Alinawa mikono. Alikaa.

JINA LAKO NANI? Aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, jina lote na la baba yake.

UMRI WAKO? Na hapo, kwa heshima ya mtu aliyefundishwa mwandiko mzuri tangu utotoni, akaandika: HAMSINI NA TISA.

Niliona maneno yale, nikakumbuka ile sifuri. Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameshaelewa. Mjumbe akabonyeza.

HUJAMBO MTOTO MZURI. MAMA YUKO WAPI?

Nje treni ilikuwa inapiga honi stesheni. Dickson alikuwa anatazama dari. Mzee Maulidi alikuwa amefumba macho kama mtu anayesubiri mabehewa yagongane. Mjumbe alisoma, akasogea karibu, akasoma tena. Kisha akanyoosha kile kidole chake na kuandika, herufi kwa herufi:

AMEFARIKI.

Mashine ikajibu papo hapo: HAYA. MSALIMIE SANA.

Mwalimu alisema, "Mungu wangu." Mjumbe alivua miwani. Akaitazama ile mistari, akasema, si kwa yeyote kati yetu, "Mama yangu hajatumiwa salamu na mtu siku nyingi."

Na mabega yake yakaanza kutikisika. Tulidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha ndani kwanza, kikapanda, kikatoka, meza ikatikisika mpaka kitambaa cha Mkubwa kikaanguka chini. Alicheka machozi yakamtoka, na nadhani katikati ya machozi yale kulikuwa na mengine ya aina nyingine, maana alipomaliza alijifuta kwa leso, akavaa miwani tena.

"Mzee, utusamehe," Mwalimu alianza. "Hiyo mashine..."

"Iache," alisema Mjumbe. "Imeuliza vizuri."

Kompyuta zilibaki Kilosa. Alipoondoka, Mwalimu alimgeukia Dickson, tukajua sasa kitanuka.

"Leo tumeokolewa na marehemu," alimwambia. "Siku nyingine andika programu inayowategemea walio hai."

Kisha akaketi chini, sakafuni, na gauni lake la kanisani, akacheka peke yake mpaka tukaogopa.

Mashine zile ziliishi miaka michache baada ya hapo. Mto Mkondoa ulipofurika na maji kuingia Magomeni, Mwalimu alizihamishia kwake, akazipandisha juu ya meza, na meza akaipandisha juu ya kitanda chake. Mashine zilitoka kavu, yeye akapoteza godoro, nguo na kitabu. Uzee ndio uliozimaliza. Mdogo alikataa kuwaka asubuhi moja, Mkubwa akafuata, na hapakuwa na fundi wa kuzigusa. Darasa likafa. Mzee Maulidi akafa pia, Mungu amrehemu. Mwalimu akahamia kwa mdogo wake kulima, mimi nikapata kazi ya mapokezi Mikumi, na kutoka hapo, kidogo kidogo, nikawa mtu wa kutengeneza programu za kupokea wageni katika hoteli na nyumba za kulala wageni pale. Ndiyo kazi yangu hadi sasa. Imesomesha wanangu.

Mwaka jana Dickson, ambaye siku hizi anatengeneza simu, aliniambia Mwalimu bado yupo, yuko Ulaya, hii yetu ya karibu, ana nguvu. Niliona haya kwamba nilikuwa sijui. Nikachukua laptopu yangu na kilo mbili za sukari, nikaenda.

Nilimkuta uani ameketi kwenye mkeka anapukuchua mahindi, amekuwa mdogo wa umbo, miwani mikubwa kuliko uso. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

Nilijitaja. Nikataja mtaa, mama yangu, darasa. Alisikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa.

"Simkumbuki mtu huyo," alisema.

"Tulikuwa mimi, Dickson na Mzee Maulidi."

"Dickson! Yule mwendawazimu wa duka! Na Mzee na mafua yake." Alicheka akapiga paja. Alinisimulia habari zao zote, na zingine nilikuwa nimezisahau mimi. Alimkumbuka meneja wa Mikumi. Alikumbuka rangi ya tai ya Mjumbe. "Lakini wewe, sikuoni. Ulikuwa unakaa wapi?"

"Katikati, Mwalimu."

"Ulikuwa unakosea?"

"Nilikuwa nakosea."

"Hukukosea vya kutosha," alisema, akarudi kwenye mahindi yake.

Nilicheka, ila lilinichoma. Nilikuwa nimekuja kumwambia kwamba yeye ndiye aliyenifanya nilivyo, na sasa nilionekana kama mtu aliyekosea nyumba. Kwa kukosa la kusema nikafungua laptopu, nikamwonyesha kazi yangu. Alifuta mikono kwenye kanga, akaipakata laptopu, akaanza kusoma programu mstari kwa mstari kwa kidole. Mengi hakuyaelewa, lugha imebadilika, naye hakujifanya anaelewa. Kidole kikasimama mahali nilipokuwa nimeandika kwa Kiswahili cha kawaida: angalia hapa, mgeni akiondoka mapema, chumba kifunguliwe kwanza.

"Haya maneno mashine inayafanyia nini?"

"Haiyafanyii kitu, Mwalimu. Inayaruka."

"Sasa unamwandikia nani?"

"Yeyote atakayekuja kuirekebisha baada yangu."

"Unamjua?"

"Simjui."

Aliacha kidole pale pale kwenye mstari. Kuku alikuja akaanza kudonoa mahindi, hakumfukuza.

"Basi hata mimi nilipofundisha ilikuwa hivyo hivyo," alisema.

Mdogo wake alitokea mlangoni, mama mzee naye, mkono kiunoni. "Dada, huyu mgeni ni nani?"

"Mwanafunzi wangu."

"Anaitwa nani?"

"Hata simkumbuki," Mwalimu alisema, akasogea pembeni ya mkeka kunipa nafasi. "Lakini ni wangu. Bandika chai."